Kupanga fleti mjini Unguja ukiwa na paka: fedha za kuhesabu kabla hujapokea ufunguo

Simu ninazopigiwa siku hizi ni za namna moja. Mtu kapata fleti Mpendae, au Kilimani, au huko Fumba kwenye majengo mapya. Kodi wameshakubaliana, dalali anamkimbiza alipe leo leo, halafu ndio anakumbuka: "Na huyu paka je?" Au keshahamia zamani, mwenye nyumba kapanda ngazi kuja kuangalia bomba linalovuja, kamkuta nyau kajinyoosha juu ya kochi. Jioni ujumbe unaingia kwenye simu: kuanzia mwezi ujao kuna nyongeza ya elfu ishirini, ya paka. Maswali ni yale yale na nimechoka kuyajibu mmoja mmoja, basi nayaandika.

Mimi nimepanga fleti nne katika miaka tisa, zote nikiwa na paka mmoja, jike, jina lake Kidoti. Ya kwanza ilinila laki na nusu kwa ujinga wangu mwenyewe. Nitaieleza tukifika pahala pake.

Mbwa simo. Fleti ina ngazi moja, watu wanaishuka na kuipanda kwenda msikitini na kurudi, na kwetu sisi Mashafii mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa mtafutie nyumba ya chini yenye ua na ukuta wake. Na kuku kibarazani usijaribu. Jogoo mmoja akiwika saa kumi alfajiri, jengo zima litakujua kwa jina.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujampigia dalali

- Fedha za kodi ya miezi sita, pamoja na ziada nitakayoihesabu hapa chini.
- Nakala ya kitambulisho na barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, wa shehia unayotoka.
- Kadi ya chanjo ya paka. Inayotazamwa zaidi ni ya kichaa cha mbwa. Ya kwanza hupigwa paka akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa mwaka unaofuata. Kama kadi imepotea, nenda kwa daktari wa mifugo akuandikie nyingine; usiende mikono mitupu ukasema "kachanjwa, wallahi".
- Namba ya simu ya mwenye nyumba wako wa sasa, kama mnaachana kwa wema. Neno lake moja, kwamba paka hakuharibu kitu, lina uzito kuliko maelezo yako yote.
- Tenga au kikapu chenye mfuniko wa kumbebea.
- Simu yenye kamera na nafasi ya kutosha kuweka picha.

Kama paka wako ni dume na hajahasiwa, anzia hapo kabla ya jambo jingine lolote. Dume mzima hurusha mkojo kwenye viwambaza na mapazia kuweka alama yake, na harufu ile haifanani na mkojo wa kawaida. Kuhasi hufanywa akiwa na umri wa miezi sita hivi. Jike naye afungwe kizazi: mimba ya paka ni kama miezi miwili tu, na mkataba uliosema "paka mmoja" hauna nafasi ya watoto wanne.

Hatua ya 1. Piga hesabu ya miezi sita, usipige ya mwezi

Kwetu kodi hailipwi mwezi kwa mwezi. Wengi wanataka miezi sita mbele, wengine mwaka. Kwa hiyo ukitajiwa "laki mbili na nusu", hiyo siyo fedha utakayotoa. Mfano:

Kodi 250,000 mara 6: 1,500,000
Udalali, kodi ya mwezi mmoja: 250,000
Amana ya nyumba, mwezi mmoja: 250,000
Amana ya paka: 150,000
Nyavu, beseni, maranda, chanjo: 80,000
Jumla: 2,230,000

Badilisha tarakimu kwa fleti yako, lakini mistari isipungue.

Kisha kuna zile ndogo ndogo ambazo dalali hazitaji: taka, mlinzi, taa za ngazi, na pampu. Pampu ndiyo inayowachoma watu. Kwenye majengo mengi maji hayapandi yenyewe mpaka ghorofa ya tatu, yanasukumwa kwenye matangi ya juu. Uliza swali hili kwa maneno haya haya: "Pampu imefungwa kwenye Tukuza ya nani?" Tukuza ndiyo mita ya umeme wa kulipia kabla. Rafiki yangu alikaa miezi minne akishangaa umeme wake unakwisha mbio, kumbe mita yake ndiyo iliyokuwa ikiwapandishia maji watu wa fleti sita.

Na ukitajiwa kodi kwa dola, kama wanavyopenda kwenye majengo ya wageni, sema unataka bei ya shilingi. Tangu Machi 2025 zipo kanuni zinazokataza kutaja na kutoza bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za humu nchini. Dola ikipanda na mshahara wako ni wa shilingi, kodi imepanda bila ya mtu kukwambia.

Hatua ya 2. Mtaje paka kabla hujaenda kuiona fleti

Kosa la kwanza la kila mgeni ni kumficha. Utamficha vipi? Atalia mlangoni ukitoka, atakaa dirishani, mtoto wa jirani atamuona na mtaa mzima utajua kabla ya magharibi. Ukigunduliwa baada ya kulipa, wewe ndiye mwenye kosa, na mwenye kosa hana bei.

Mwambie dalali kwenye simu ya kwanza: "Nina paka mmoja wa ndani, kafungwa kizazi, ana kadi ya chanjo." Wengine watakata hapo hapo. Wacha wakate, wamekuokolea nauli.

Ukikutana na mwenye nyumba, hasa akiwa mtu mzima, usianze na paka. Amkia, uliza hali, kaa. Bi mkubwa mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu, "Mwanangu, paka nampenda mie, wala si najisi, Mtume kasema ni katika wanaotuzunguka. Mkojo wake ndio hatupatani." Nikamuuliza, "Shangazi, ulishawahi kuharibikiwa?" Ikatoka hadithi ndefu ya mpangaji, godoro, na makochi ya harusi ya binti yake. Nikajua hofu yake iko kwenye fanicha. Nikamwambia makochi yake ayatoe, nitakuja na yangu. Nyongeza ya paka hakuitaja tena. Msikilize mtu anaogopa nini, kisha kiondoe hicho. Ni rahisi kuliko kulipa.

Hatua ya 3. Uliza: hii fedha inarudi?

Hapa ndipo ilipo kazi yenyewe, tafadhali usiruke.

Mtindo wa kutoza paka umekuja na mameneja wa majengo mapya na nyumba za kukodisha wageni. Marekani na kwengineko ni jambo la kawaida, wana majina na vifungu vyake. Huku kwetu umefika nusu nusu: jina ni moja tu, "pesa ya paka", na kila mtu ana maana yake. Maana ziko tatu.

Ya kwanza ni amana, au dipoziti. Unaiweka, ukitoka unarejeshewa, ikikatwa tu gharama ya kilichoharibika. Hii ni ya haki, ikubali.

Ya pili ni ada ya mara moja isiyorudi. Mwenye nyumba atakwambia ni ya kusafishia na kupiga dawa ya viroboto ukiondoka. Ikiwa ndogo, na amana ya paka haipo, inazungumzika. Asitake zote mbili, maana hapo usafi umeulipa mara mbili.

Ya tatu ni nyongeza ya kila mwezi. Hii ndiyo inayosikika ndogo, na ndiyo mbaya. Elfu ishirini kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka, karibu kodi ya mwezi mzima, na hairudi hata paka wako awe malaika. Miaka mitatu ni 720,000. Kama fedha ni lazima itoke, pigania igeuzwe amana, hata kama amana itakuwa kubwa zaidi. Maneno ya kusema: "Mzee, badala ya elfu ishirini kila mwezi, nakuwekea laki mbili leo mkononi. Nikiharibu, kata. Nisipoharibu, unirejeshee." Wenye nyumba wengi hupenda fedha ya leo.

Sasa ile laki na nusu yangu. Fleti ya kwanza nilitoa 150,000, mwenye nyumba akasema "ya paka hiyo", nikasema haya. Sikuuliza inarudi au hairudi. Miaka miwili baadaye natoka, nyumba safi, hakuna hata mkwaruzo mlangoni, namuuliza amana yangu. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. Hakuwa mwizi, yeye moyoni mwake alijua ile ni ada, mimi moyoni mwangu nilijua ni amana, na karatasini haikuwemo kabisa.

Hatua ya 4. Kagua na piga picha siku ya ufunguo, kabla ya kuingiza hata ndoo

Piga picha milango yote upande wa chini, ambako paka hukwaruza. Piga nyavu za madirisha moja moja, kwa karibu, hadi matundu yaonekane. Piga makochi, mapazia, pembe za viwambaza, sakafu ya bafu. Kisha zitume zote kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo na ujumbe mfupi: "Hali ya fleti leo tarehe fulani." Picha iliyobaki kwenye simu yako peke yako ni kumbukumbu tu, iliyotumwa ni ushahidi.

Nusa pia. Pembe yenye harufu ya mkojo wa paka wa zamani, mwambie hapo hapo. Usipomwambia, itakuwa ya wako.

Kabla hujaondoka, nunua umeme wa fedha kidogo uone unaingiziwa uniti ngapi. Zikiwa pungufu, ulizia deni la aliyetangulia.

Hatua ya 5. Iandike ndani ya mkataba

Mkataba uwe nakala mbili, nyote mtie saini zote mbili, na msaini kwa sheha na mashahidi kama ilivyo ada. Kifungu cha paka ninachotumia mimi ni hiki, kichukue:

"Mpangaji anaruhusiwa kukaa na paka mmoja wa ndani, aliyefungwa kizazi na kuchanjwa. Mpangaji ameweka amana ya paka Sh. 150,000 (laki moja na nusu). Amana hii itarejeshwa yote ndani ya siku 14 baada ya kukabidhi ufunguo, ikikatwa tu gharama ya kutengeneza uharibifu uliofanywa na paka, kwa risiti ya fundi. Hakuna malipo mengine yatakayotozwa kwa ajili ya paka kwa muda wote wa mkataba huu."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani. Mwenye nyumba akitaka kufuta moja, akubali kufuta ile ya siku 14 lakini hiyo ibaki.

Onyo: usilipe kwa mkono bila ya risiti. Ukituma kwa simu, tuma amana ya paka peke yake, usiichanganye na kodi, ili ujumbe wa muamala usimame kwa kiasi chake.

Hatua ya 6. Siku ya kuhama

Paka mfungie chumba kimoja na beseni lake, maji na kitambaa chenye harufu ya nyumba ya zamani. Siku tatu nne hivi. Usimfungulie kibaraza hata akulilie.

Beseni la choo chake usitie mchanga wa pwani. Kuchota mchanga ufukweni hakuruhusiwi, na unakuja na chumvi na viroboto vya mchangani. Nenda kwa seremala yeyote umuombe maranda. Mara nyingi atakupa gunia bure au kwa bei ya soda. Toa uchafu kila siku, na aliye mjamzito asiifanye kazi hiyo.

Madirisha: wavu wa kawaida wa mbu paka huupasua kwa kucha kama karatasi. Mwambie fundi akupigie wavu mgumu kwa ndani, dirisha moja au mawili anayopenda kukaa, ule wa mwenye nyumba ubaki salama nyuma yake. Ukihama unaondoka na wako.

Na mpe kitu chake cha kukwaruza. Mimi nimefunga kamba ya usumba kwenye mguu wa meza ya zamani. Milango yote minne ya fleti niliyopo ni mizima.

Hatua ya 7. Punguza gharama pale zinapopungua

Chakula cha paketi cha dukani ni ghali na si lazima. Kidoti kakulia dagaa na vichwa vya samaki. Lakini dagaa wana majira yao: huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbaamwezi ikiingia wanaadimika, bei inaruka. Nunua wakati wa giza, gandisha. Kusi likivuma sana boti hazitoki, basi uwe na akiba. Ukinunua wakavu, mfano wale wanaoanikwa huko mahali paitwapo Kama, kumbuka wamechemshwa kwa maji ya chumvi. Waloweke, mwaga maji, loweka tena.

Viroboto: usimpake paka dawa ya mbwa. Nyingi zina pemethrini, ambayo mbwa huivumilia na paka humuua. Na akiumwa usimpe Panadol, hata nusu, ni sumu kwake. Gharama ya kumtibu paka aliyepewa Panadol itakufanya uzisahau za kodi.

Hatua ya 8. Kodi inapopanda

Itapanda. Jiandae mwezi wa nne wa kila miezi sita, si wiki ya mwisho. Nenda mwenyewe kwa mwenye nyumba, na mkononi uwe na mambo mawili: bei za fleti tatu za mtaa ule ule ulizoziulizia kwa madalali tofauti, na picha za nyumba ilivyo leo. Kisha omba mwaka mmoja kwa nyongeza ndogo badala ya miezi sita kwa nyongeza kubwa. Kumbuka hesabu ya kuhama: ukihama unalipa udalali upya, amana mpya, gari ya mizigo na fundi. Kwenye mfano wetu wa juu, udalali peke yake ni sawa na nyongeza ya elfu hamsini kwa miezi mitano. Kuna nyongeza inayouma ambayo bado ni rahisi kuliko kuhama.

Nyongeza ya kodi na nyongeza ya paka zisichanganywe. Akisema "elfu hamsini, na paka ndani yake", muulize paka akifa kesho kodi itashuka? Atacheka, lakini ataelewa.

Yakikwama

*Mwenye nyumba anadai pesa ya paka katikati ya mkataba.* Mtumie picha ya kifungu chako, kwa adabu, bila ya maneno mengi. Kama hukuandika kifungu, mpe amana na muandikishane sasa. Mkishindwana, sheha ndiye wa kwanza kumuendea. Usianze na wakili kwa jambo la elfu ishirini.

*Amana hairudi.* Omba orodha ya uharibifu na risiti, uiweke mbele ya picha za siku ya kwanza. Anayekata kwa haki hataona tabu kukuandikia.

*Harufu ya mkojo haitoki.* Futa kwa kitambaa kikavu kwanza, osha kwa maji, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha ikauke. Usimwagie dawa ya klorini juu ya mkojo: mkojo una amonia, na viwili hivyo vikikutana hutoa hewa ya sumu. Chumba kidogo kisicho na dirisha, utakohoa mpaka utoke.

*Jirani analalamika.* Mara nyingi siye paka wako, ni wale wa jalalani wanaopanda ngazi. Usibishane. Mualike aone beseni lako, mpe kahawa. Na acha kuwawekea chakula paka wa nje kwenye ngazi, huo ndio ugomvi wenyewe.

*Paka katoroka wiki ya kwanza.* Kabla ya kuzunguka mtaa mzima, rudi nyumba ulikotoka. Paka huifuata nyumba. Kidoti alipotea siku ya pili tulipohamia fleti ya tatu. Nikamkuta siku ya tano mlangoni kwangu pa zamani, kashiba. Mpangaji mpya alikuwa akimpa maziwa, na mwenye nyumba alikuwa keshamuuliza habari ya elfu ishirini.